Ghorofa Tatu Zilizoibiwa Ipagala

Mtaani kwetu Ipagala hakuna mwizi. Hilo naliandika bila kumwogopa mtu. Ndoo inalala nje na kuamka nje. Kuku wa jirani akitaga kwako, yai unalirudisha likiwa bado la moto. Mimi nina kibanda cha kunyolea pale kwenye kona ya korongo, na mgeni akiniuliza habari za usalama namjibu kwamba polisi wakija mtaa huu wanakuja kunyoa tu.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi na moja polisi walikuja, na hakuna aliyetaka kunyoa. Tulikuwa tumeibiwa ghorofa tatu.

Usicheke. Koplo Meshack alicheka pale kaunta ya kituo, na mpaka leo anajuta. Haya ameniambia mwenyewe. Ni mteja wangu, na ukimwekea wembe shingoni hafichi kitu.

"Umeibiwa nini, mama?"

"Ghorofa."

"Ghorofa ipi?"

"Ya kwanza, ya pili na ya tatu."

"Zilikuwa wapi?"

"Juu ya nyumba yangu."

"Kwa hiyo nyumba yako ni ya ghorofa."

"Hapana. Ni ya chini."

Koplo akaweka kalamu mezani, akaangua kicheko. Mama Zipora hakucheka. Alikuwa mjane wa miezi minne, amevaa kitenge cheusi, na vumbi la saruji lilikuwa bado kwenye viatu vyake. Alimtazama Koplo mpaka kicheko kikamwishia chenyewe.

Mlango wa ofisi ya ndani ukafunguka. Inspekta Kuluthumu akatokea. Ni mwanamke wa Kondoa, mfupi, mwenye tabia mbaya ya kuuliza swali kisha kunyamaza hadi kimya chenyewe kikutie haya.

"Koplo, umewahi kuibiwa kitu ambacho hujakijenga bado?"

Kimya.

"Hapana, afande."

"Basi mletee mama kiti. Nataka kujua inavyokuwa."

Hapa inabidi nitulie nikueleze, maana hata mimi nilielezwa mara mbili. Jiji letu linakua kama mtoto wa darasa la sita, suruali ya Januari haimwingii Juni. Barabara zinatakiwa, mifereji inatakiwa, fedha hazitoshi. Ndipo ukaja mradi. Kila kiwanja cha kando ya korongo kinaruhusiwa kwenda juu ghorofa tatu. Kama wewe huna mpango wa kupanda huko, unaweza kuiuza ruhusa hiyo kwa tajiri wa katikati ya mji anayetaka jengo lake lizidi kimo alichopangiwa. Yeye anapanda juu, wewe unabaki chini milele. Malipo yanagawanywa. Fungu moja ni la mwenye kiwanja, fungu jingine linachimba mfereji wa maji ya mvua mbele ya kiwanja hicho hicho. Wataalamu wanaita haki za uendelezaji zinazohamishika. Sisi tunaita kuuza hewa.

Zipora hakuwahi kuuza hewa. Mafundi wake walikuwa wameshafika na nondo, waanze kupandisha nguzo, akapita bwana wa mipango miji akafungua kishikwambi chake.

"Akaniambia, mama, juu ya nyumba hii hakuna kitu. Mume wako alishauza vyote mwezi wa saba."

"Marehemu Gerson," alisema Inspekta.

"Marehemu Gerson, aliyekuwa ananiambia kila siku, Zipora, nitakupandisha juu. Chini upangishe, juu ulale, mvua isikuguse, usimlilie mtu. Hiyo ndiyo pensheni aliyoniachia, afande. Sina nyingine."

"Alikuwa na uwezo wa kwenda kuuza?"

Zipora akainamisha kichwa.

"Alipata kiharusi. Mwaka mmoja na nusu alikuwa kitandani. Mradi ulipokuja walimkuta kitandani, akawajibu kwa mdomo kwamba hauzi. Nilikuwa namgeuza mimi, namwogesha mimi. Lakini wanasema kuna video, na kwenye hiyo video amesimama."

Hapo hata Koplo aliacha kuchezea kalamu.

"Kama alikuwa anasimama," Zipora alisema polepole, "basi nilikuwa namgeuza nani?"

*

Alhamisi asubuhi Inspekta alikuwa mjini, kwenye jengo la Abdulwahab, mfanyabiashara aliyezinunua ghorofa za Gerson. Jengo liliruhusiwa sita. Yeye alikuwa anakwenda tisa. Mafundi walikuwa wanafunga nondo za slabu ya juu.

"Nimenunua kihalali," alisema Abdulwahab huku akimpa Inspekta kofia ngumu. "Nimelipa kupitia mradi. Huyo mzee sijawahi hata kumwona."

"Zege linamwagwa lini?"

"Kesho asubuhi. Magari yameshakodiwa."

"Likishamwagwa?"

"Haki imetua, inspekta. Kanuni za mradi ndivyo zilivyo. Haing'oki tena." Akajikuna kidevu. "Sitaki kumdhulumu mjane. Niletee ushahidi kabla ya zege, nitasimamisha. Baada ya zege, niletee mwanasheria."

Inspekta akaangalia juu, mahali ambapo ghorofa za Zipora zingekaa. Kulikuwa na kunguru mmoja tu.

Kutoka pale akamwita kituoni dalali aliyeunganisha mauzo. Aliitwa Elisante, kijana aliyehamia kutoka Moshi mwanzoni mwa mwaka, mwenye viatu vilivyochongoka mbele na simu mbili. Aliingia akitabasamu. Tabasamu lilidumu mpaka alipooneshwa kiti.

"Ulimjua Gerson?"

"Nilionana naye siku ile moja, afande."

"Siku ipi?"

"Ya kurekodi. Mradi hautaki saini tupu, saini zinaghushiwa sana. Mwenye kiwanja lazima asimame mbele ya nyumba yake, mbele ya majirani, aseme kwa mdomo wake kwamba anaachia ghorofa zake kwa hiari na bila kushurutishwa."

"Nani alikupeleka?"

"Ndugu yake. Obedi. Alinipigia, akasema mzee ameridhia, ukoo una kikao, njoo mchana."

"Ukamkuta mzee amesimama."

"Amesimama na anachekesha! Nilikaa muda mfupi tu, wakanipa sahani ya wali. Watu walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu. Nikasema hawa Wagogo wachangamfu jamani."

"Fungu la mwenye kiwanja ulimpa nani?"

"Liliingia kwenye akaunti ya Gerson mwenyewe. Mimi nilichukua udalali wangu tu."

Inspekta akanyamaza. Elisante akaanza kutoka jasho, akaongeza yale asiyoulizwa.

"Naapa, afande! Angalieni benki!"

Waliangalia benki. Fedha zilikuwa zimekaa pale pale zilipotua. Hakuna aliyezigusa. Ujumbe wa kuzipokea uliingia kwenye simu ya marehemu, na simu ilikuwa imezimwa kabatini kwa Zipora tangu mazishi.

"Koplo," Inspekta alisema, macho yake yakiwaka kama ya mtoto aliyeona kinyonga, "huyu ni mwizi gani? Anavunja, anaiba, halafu hela anamwachia mwenye nyumba."

"Labda mzee alipona siku moja, afande, akauza, akaugua tena."

"Koplo."

"Ndiyo, afande."

"Washa gari."

*

Alasiri walikuwa sebuleni kwa Zipora. Inspekta alikaa kwenye kochi kubwa jekundu, lile ambalo Gerson alilinunua kwa hela ya zabibu. Akaishika simu ili wote waone.

Kwenye video mwanamume mrefu, amevaa koti zito la kahawia na kofia iliyofunika nusu ya uso, amesimama mbele ya mlango huu huu. Anakohoa. Anainua mkono. "Mimi Gerson Ndahani," anasema kwa sauti ya kukwaruza, "ghorofa zangu zote tatu nimeachia." Watu wanacheka, kelele zinameza kila kitu, kisha anamalizia, "kwa hiari yangu mwenyewe na bila kushurutishwa na mtu," na makofi yanapigwa.

Zipora akaziba mdomo.

"Koti lake. Kofia yake. Hata kikohozi ni chake." Machozi yakaanza. "Kumbe nikienda kanisani alikuwa anaamka. Alikuwa ananicheka."

"Mama, usimtazame yeye," alisema Inspekta. "Mimi nimemtazama mara nyingi, hana jipya. Tazama wengine. Wamevaaje?"

"Mashati."

"Mchana, jua kali, wenzake wote wana mashati, yeye ana koti la baridi. Wanawake wako wapi?"

Zipora akafuta macho, akasogea karibu. "Siwaoni. Labda wako ndani."

"Na moto ule nyuma, na masufuria yale makubwa? Ya nani?"

"Yale ni ya kanisa."

"Na hiki hapa ukutani, pembeni, kilichofunikwa shuka?"

Zipora akaitazama picha. Akalitazama kochi alilokalia Inspekta. Mguu mmoja wa kochi ulikuwa umevunjika na kuungwa kwa waya, na kwenye picha waya ulikuwa unang'aa chini ya shuka.

"Kochi langu."

"Hili kochi hutoka nje lini?"

"Halijawahi kutoka nje. Mlango ni mdogo, lazima ung'oe fremu. Halijawahi kutoka isipokuwa..."

Akanyamaza. Safari hii hata Inspekta hakuwa na haja ya kusubiri.

"Isipokuwa siku za msiba," Zipora alinong'ona. "Walilitoa ili wanawake tupate pa kutandika magodoro. Afande, hapa Gerson alikuwa ameshazikwa!"

"Kwetu Kondoa pia mtani huvaa nguo za marehemu," alisema Inspekta. "Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anauza mali zake mpaka wafiwa wacheke. Nani alikuwa mtani hapa?"

"Binamu yake. Mtoto wa shangazi yake." Zipora alisimama. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Koplo anasema hajui alipaswa kuangalia wapi. "Nilikuwa ndani kwenye godoro, nikasikia watu wanacheka, nikajua Obedi yuko kazini. Basi hakusimama! Mume wangu hakusimama!"

Koplo akageuka kwa Inspekta. "Lakini jana tumeuliza majirani wote kama waliona Gerson akiuza. Wote wamekataa."

"Wamesema kweli. Maneno ya mtani msibani nani anayahesabu? Yanatupwa na majivu ya moto. Ila mmoja aliyahesabu."

*

Hawakupanda gari. Inspekta alitaka kutembea. Walifuata mfereji mpya kandokando ya korongo. Ulikuwa mfereji mzuri, wa zege, na ulichimbwa kipande kwa kipande kadiri viwanja vilivyouza. Ukafika kwenye mpaka wa Zipora, ukakatika ghafla kama sentensi ya mlevi. Mbele yake vigingi vyekundu vilikuwa vimepigwa juzi tu, kuvuka kiwanja cha Zipora na kuteremka hadi nyumba ya chini yake.

Nyumba ya chini yake ilikuwa ya Obedi.

Obedi alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Mrefu, mabega ya ukoo ule ule. Alipowaona hakukimbia.

"Unajua kilichotuleta?" aliuliza Inspekta.

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Vigingi. Vilipopigwa nikajua na nyie mko njiani."

"Una haki ya kunyamaza. Utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi."

"Nimenyamaza tangu mwezi wa saba, afande. Nimechoka."

"Ulivaa koti la Gerson?"

"Nilivaa. Ndiyo kazi ya binamu."

"Ulijua Elisante anarekodi?"

"Mimi ndiye niliyemwita."

"Kwa hiyo haukuwa utani."

Obedi akauweka mpini chini.

"Nilianza na baiskeli yake. Nikauza kuku. Nikauza kitanda, watu wanacheka, na mimi nacheka huku roho inaniuma, maana yule alikuwa mwenzangu tangu tunachunga. Mpaka kwenye kitanda ulikuwa utani. Kuanzia kwenye ghorofa, haukuwa."

"Hela hukugusa."

"Hela ni ya Gerson."

"Sasa ulikuwa unaiba nini?"

Obedi akafungua mlango. Ndani, ukutani, kulikuwa na mstari wa matope uliokauka, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, na juu yake alikaa Bibi Tereza, mama yake, shangazi wa marehemu, akichambua mlenda kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usivue viatu, sakafu mbaya."

Obedi alizungumza akiwa ameutazama ule mstari.

"Zamani maji yalikuwa yanajitawanya. Mradi ukaja, mfereji ukachimbwa mpaka kwa Gerson, ukaishia pale. Maji yote ya Ipagala yakakusanywa, yakaletewa njia, yakaelekezwa kwangu. Mwezi wa tatu yalimkuta mama amelala. Nilimtoa kwa dirisha. Nikaenda kwa Gerson, nikapiga magoti kando ya kitanda chake. Uza moja tu, mfereji upite. Akasema hapana, ni za Zipora. Nikarudi tena. Hapana. Alipokufa, nikavaa koti lake nikasema ndiyo."

Nje, upande wa Hombolo, mawingu ya kwanza ya msimu yalikuwa yanajikusanya. Inspekta aliyatazama kwa muda, kisha akachukua simu.

"Abdulwahab? Rudisha magari ya zege. Ndiyo. Aliyekuuzia alikuwa maiti." Akasikiliza. "Hapana, hewa yenyewe ipo. Mwenye hewa ndiye hukumuuliza."

*

Sasa njoo barabarani, mbele ya kibanda changu, maana ndiko gari la polisi lilikoegeshwa na ndiko mtaa mzima ulikojaa. Obedi alikuja katikati ya Koplo na Inspekta, bila pingu. Zipora alikuwa amesimama langoni kwake; habari za nyumbani kwa Obedi zilikuwa zimemfikia kabla yao.

Wakatazamana.

"Shemeji," alisema Obedi.

"Usiniite shemeji. Unajua umenifanya nini? Nimelala siku mbili nikiamini mume wangu alikuwa mwongo. Ghorofa ningekusamehe. Hilo, bado."

"Nilimwomba Gerson..."

"Gerson, Gerson! Mimi uliniomba lini? Nyumba ameachiwa nani? Umepita hapa miezi minne unanisalimia, hata siku moja hujafungua mdomo ukasema shangazi analala juu ya matofali!"

Obedi akatazama chini. Zipora akamgeukia Inspekta.

"Afande, ghorofa zangu zimerudi?"

"Zimerudi. Zote."

"Moja nabaki nayo. Mbili nitauza, mfereji upite ufike kwa shangazi kabla mvua haijashika. Lakini nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na mtu yeyote asivae koti."

Watu wakapumua. Mmoja akataka kupiga makofi, akaonekana anakumbuka makofi ya mara ya mwisho yalileta nini, akaingiza mikono mfukoni.

"Na mimi nina shida yangu," alisema Inspekta kwa sauti ya juu. "Kesi ya kughushi na kujifanya mtu mwingine inataka mashahidi. Nani alikuwepo Obedi alipouza ghorofa? Sijasema atashitakiwa. Nataka maelezo tu."

Mtaa mzima ukachunguza vidole vyake vya miguu. Kimya cha Inspekta kilianza kufanya kazi yake. Kilitembea kutoka kwa mtu hadi mtu, kikanifikia mimi nikiwa mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi.

"Wewe, kinyozi. Kibanda chako kinatazamana na uwanja ule."

"Bahati mbaya, afande," nilimjibu, tena kwa tabasamu. "Wiki ile yote nilikuwa Hombolo. Navuna zabibu za mjomba."

"Pole."

"Ahsante, afande. Nilisikitika sana kuukosa msiba ule."

Inspekta alikuwa ameshageuka aende zake. Hapo ndipo ikasikika fimbo, ko, ko, ko, kwenye zege la mfereji. Bibi Tereza alikuwa anapanda kutoka kwake polepole, ungo wa mlenda bado uko kwapani, akimfuata mwanawe.

"Zabibu gani za kuvuna mwezi wa saba?" aliuliza. "Mwezi wa saba zabibu hata ndege hawazitaki."

"Shikamoo, bibi," nikasema haraka.

Hakuitikia.

"Mwanangu kosa amefanya, mchukueni, atarudi. Lakini siku ile alisahau maneno. Alisema nimeachia, akakwama, yule mwenye simu akawa anamfanyia ishara hayajatosha. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ndani, karibu na dirisha, nikaona kwa macho yangu. Kuna kijana aliruka kutoka kwenye foleni ya wali, sahani ya pili mkononi, akapaza sauti: sema kwa hiari yangu mwenyewe na bila kushurutishwa na mtu! Watu wakaanguka kwa kicheko. Obedi akarudia neno kwa neno."

"Kijana gani, bibi?" aliuliza Inspekta.

Bibi Tereza akainua fimbo.

Na mimi nikageuka kuona ni nani anayeoneshwa. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.